Yatokanayo na Kumbukumbu

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha wanafunzi wa shule ya upili namna ya kuandika kumbukumbu za mkutano, kwa hiyo sikushangaa nilipoombwa niwe karani siku ile, mwishoni mwa mwaka 2025, Seneta wa kaunti yetu alipokuja kuwaeleza wananchi kazi anayoifanya Nairobi. Niliketi kwenye meza ndogo kando ya jukwaa, nikaandika kichwa, tarehe, mahali, waliohudhuria na waliotuma udhuru, kisha nikafika kwenye kipengee ambacho wanafunzi wangu hukisahau kila mwaka katika mtihani: yatokanayo na kumbukumbu za mkutano uliotangulia, yaani yale yaliyoachwa kufuatiliwa tangu mkutano huo. Hapo kalamu ilisimama. Seneta huyu alikuwa amekwisha kukutana nasi mara mbili, na waliomtangulia walikuja pia, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameandika lolote. Picha za simu zilikuwapo, fulana zilizogawanywa zilikuwapo, ila maandishi hayakuwapo. Niliacha mistari mitatu bila neno, nikaendelea.

Taarifa ya Seneta ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuwakumbuka waliotutangulia: tulisimama kimya kwa dakika moja kwa heshima ya Raila Odinga, aliyefariki dunia tarehe 15 Oktoba 2025, kisha Seneta akazungumzia Siku ya Mashujaa iliyoadhimishwa Kitui siku moja tu baada ya mazishi ya Raila huko Bondo. Ya pili ilikuwa ya sheria na fedha. Alivuka kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa maneno manne, "Sasa tuingie kwenye kazi," nami nikayaandika kama yalivyosemwa. Ni maneno hayo yaliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu ninaamini kwamba kumbukumbu ya taifa nayo ni kazi ya Bunge, ina miswada yake, ina bajeti yake na ina wadai wake, na kwamba mwakilishi anapaswa kuitolea hesabu vilevile anavyoutolea hesabu mgao wa kaunti.

Niseme kwanza kwamba hesabu ya mgao aliitoa vizuri, tena kwa Kiswahili kilichoeleweka hata na wazee waliokuwa wameketi nyuma. Alieleza kwamba katika mwaka wa fedha wa 2025/26 Bunge la Taifa lilitaka kaunti zote 47 zipewe shilingi bilioni 405, Seneti ikataka bilioni 465, na kwa kuwa Mabunge hayo mawili hayakukubaliana, mswada ulipelekwa kwenye kamati ya upatanishi kama Kifungu cha 113 cha Katiba kinavyoagiza, ambako wajumbe wa pande zote mbili, wakiwa sawa kwa idadi, walikubaliana kuhusu bilioni 415. Alikumbusha kwamba mwaka uliotangulia hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu baada ya maandamano ya Juni 2024 na kuondolewa kwa Mswada wa Fedha, bilioni 400 zilizokuwa zimekwisha kukubaliwa zilipunguzwa hadi bilioni 387. Akaeleza pia kwamba kupata jumla hiyo ni nusu ya shughuli, kwa kuwa Seneti hiyo hiyo ndiyo huamua fomula ya kuigawa baina ya kaunti, na fomula ya nne imepitishwa mwaka huo huo wa 2025. Wanaokumbuka fomula ya tatu wanajua uzito wa jambo hilo: mwaka 2020 maseneta walikutana mara kumi bila kuafikiana, maseneta watatu wakakamatwa na polisi katika kipindi hicho cha mvutano, na mwafaka ukapatikana tarehe 17 Septemba tu, kwa sharti kwamba fomula mpya ingeanza kutumika kaunti zitakapoongezewa fedha ili pasiwe na kaunti inayopoteza.

Kijana mmoja aliinua mkono akauliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka, "Mheshimiwa, tumesikia mabilioni. Lakini wewe mwenyewe umetujengea nini?" Watu walipiga makofi. Ninamwelewa kijana huyo, kwa sababu mbunge wa eneo lake humwonyesha darasa lililojengwa kwa fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, na gavana humwonyesha barabara na zahanati, ilhali seneta hana hazina ya maendeleo wala hapaswi kujenga chochote. Kifungu cha 96 kinampa kazi za namna nyingine: kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake, kushiriki katika kutunga sheria zinazohusu kaunti, kugawa fedha baina ya kaunti, kukagua jinsi fedha hizo zinavyotumika, na kushiriki katika kuamua hatima ya Rais au Naibu wa Rais anaposhtakiwa ili aondolewe madarakani, kama Wakenya walivyoshuhudia Oktoba 2024 Naibu wa Rais Rigathi Gachagua alipoondolewa. Hizi zote ni kazi za maneno na karatasi. Tena ni kazi ambazo taifa hili liliishi bila kuziona kwa muda mrefu, kwani Seneti ya kwanza, iliyokuwa na wanachama 41 chini ya Spika Timothy Chokwe, ilidumu tangu 1963 hadi 1966, ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na nyingine haikuonekana mpaka 2013. Watu walizaliwa, wakasoma, wakaoa na kupata wajukuu bila kuwa na seneta. Si ajabu kwamba bado tunampima kwa saruji.

Kwa mtu ambaye kazi yake ni maneno, basi, maneno ndiyo mradi wake, na hapo ndipo ninapoona kwamba maneno ya ukumbusho hayawezi kutengwa yakawa mapambo ya kufungulia mkutano.

Wakati wa maswali ulipokaribia kwisha alisimama mama mmoja ambaye ninamfahamu tangu utoto wangu, mama wa makamo zamani na mzee sasa, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa aliniomba nisimtaje. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi iliyokuwa ndani ya Jengo la Ushirika jijini Nairobi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, alisikia mlipuko mdogo kutoka upande wa ubalozi wa Marekani, akainuka kwenda dirishani kutazama kama walivyofanya watu wengi katika majengo ya jirani, na mlipuko mkubwa ulimkuta hapo hapo mbele ya kioo. Jicho la kulia lilipotea siku ile. La kushoto limekuwa likififia polepole.

"Mheshimiwa," alisema, "tumemnyamazia Baba dakika moja, na alistahili. Mimi nimenyamaza miaka 27. Kuna kamati ya Seneti iliyosema itatushughulikia sisi wa bomu. Nimekuja kuuliza imefika wapi."

Ukumbi ulitulia kuliko ulivyokuwa umetulia wakati wa ile dakika moja. Seneta hakukimbilia kujibu, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema kwamba kamati hiyo ipo katika rekodi za Bunge, kwamba yeye si mwanachama wake, na kwamba hakuwa na jibu kamili siku hiyo lakini angelileta kwa maandishi. Nikaandika: Kum 7/2025, Waathiriwa wa 7 Agosti.

Anachouliza mama huyu kina msingi. Katika mlipuko wa Nairobi watu 213 walikufa, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Waliosalia, yaani wengi kupindukia, walikuwa watu wa hapa kwetu, makarani, wanafunzi, abiria na wapita njia. Maelfu walijeruhiwa. Palipokuwa na ubalozi, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, leo pana bustani ya kumbukumbu yenye ukuta wenye majina ya waliokufa, na kila tarehe 7 Agosti watu huweka maua. Upande wa fidia mambo yalikwenda kwa njia tofauti. Mwaka 2020 Sudan, iliyodaiwa kuwasaidia waliofanya shambulio hilo, ilikubali kulipa dola milioni 335 ili kumaliza madai ya waathiriwa wa ugaidi yaliyokuwa katika mahakama za Marekani, lakini fedha hizo ziliwahusu waliokuwa na madai katika mahakama hizo, hasa Wamarekani na waliokuwa wafanyakazi wa ubalozi, na mpiga chapa wa jengo la jirani hakuwamo. Huku nyumbani, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipitishwa mwaka 2012, miaka 14 baada ya mlipuko, na ndani yake kuna kifungu kinachounda mfuko wa kuwafidia waathiriwa wa ugaidi. Kisha Seneti, katika kipindi hiki cha Bunge la 13, iliunda kamati maalumu ya kushughulikia fidia ya waathiriwa wa 1998, ikiongozwa na Seneta Agnes Kavindu wa Machakos. Kamati hiyo ni kumbukumbu ya taifa iliyovaa nguo za kazi: ina mamlaka ya kuita mashahidi, ina karani, na ripoti yake huwekwa mezani na kujadiliwa. Kama Seneta wetu angeianza taarifa yake kwa kamati hiyo badala ya kuulizwa, ile dakika ya kimya ingekuwa na uzito mwingine masikioni mwa mama yule.

Kuna wanaosema kwamba nchi maskini haiwezi kumlipa kila aliyeumia, na kwamba heshima ni heshima hata isipoandamana na fedha. Sitalipuuza neno hilo, kwa sababu nimewaona wazee wakilia kwa furaha kwa kutajwa tu. Lakini tukiitazama historia yetu wenyewe tunaona kwamba hata kutajwa kumetegemea sheria. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950, na marufuku hayo yalibaki katika vitabu vya sheria vya Kenya huru kwa miaka 40, hadi yalipoondolewa mwaka 2003. Kwa miongo yote hiyo tuliimba nyimbo za wapiganaji na kuwataja katika hotuba za tarehe 20 Oktoba, huku mpiganaji aliyetaka kusajili chama cha wenzake akiwa, kwa mujibu wa sheria, mwanachama wa kundi haramu. Marufuku yalipoondoka, wazee waliweza kujiandikisha na kujipanga. Walipojipanga, mwaka 2009 walifungua kesi London. Na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza majuto yake, na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na kugharimia mnara uliozinduliwa katika bustani ya Uhuru mwaka 2015. Mnyororo huo wote ulianza kwa kufuta marufuku.

Na kuna jambo jingine katika kesi ile ambalo mimi, kama mtu wa kumbukumbu, siwezi kuliacha. Mmoja wa wadai alikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika mauaji ya Hola ya tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu, kwa sababu uchunguzi wa vifo ulifanyika na kuandikwa, na usiku wa tarehe 27 Julai 1959 jambo hilo likajadiliwa katika Bunge la Uingereza, na kila neno likachukuliwa na makarani. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Oktoba 2012, jaji wa London alipoamua kwamba kesi ya wazee inaweza kusikizwa licha ya muda mrefu uliopita, mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba nyaraka za wakati ule zilikuwa nyingi kiasi cha kuwezesha haki kutendeka. Karatasi zilizoandikwa na watu ambao hawakuwa na nia ya kuwasaidia Waafrika ndizo zilizowasaidia. Sasa nauliza: ikiwa rekodi za mkoloni ziliweza kuwa shahidi wetu, kwa nini rekodi za Seneti yetu wenyewe zisiwe?

Upande wa pili wa historia unajulikana pia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yake Mei 2013, ikiwa na simulizi za mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984 na za mahali pengine pengi. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akilihutubia Bunge, aliomba radhi kwa niaba ya taifa na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa haki na maridhiano utakaotumika kwa miaka mitatu. Maneno yale yalikuwa mazito na ninaamini yalitoka moyoni. Lakini familia nyingi za Wagalla bado zinasubiri, na kila seneta anayekwenda kwenye maombolezo anapaswa kuweza kusema mfuko ule ulikwama katika hatua gani, nani mwenye faili, na yeye binafsi ameuliza lini ndani ya ukumbi.

Ndiyo maana siridhiki na taarifa ya seneta inayoorodhesha maadhimisho aliyohudhuria. Maziko ya kitaifa tunajua kuyafanya. Tulimlaza Mzee Kenyatta mwaka 1978 katika viwanja vya Bunge. Moi mwaka 2020 na Kibaki mwaka 2022 waliwekwa katika majengo ya Bunge ili wananchi wawaage. Na Oktoba 2025 umati uliojitokeza kumlaki Raila ulikuwa mkubwa hata ratiba ya Bunge ikabadilishwa na mwili ukapelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Ni haki kwamba Bunge liwe mahali pa kuagia. Ningependa pia pawe mahali pa kufuatilia. Siku ya Mashujaa ina Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014 nyuma yake, na mtu wa kaunti yetu anayetaka mzee wake atambuliwe anastahili kuambiwa na seneta wake njia ya kupitisha jina, jinsi utambuzi ulivyopangwa katika sheria, na kama Bunge limetenga fedha za kuitekeleza. Familia za vijana waliouawa katika maandamano ya Juni 2024, baadhi yao hatua chache kutoka lango la Bunge lenyewe, zinastahili kusikia kutoka kwa maseneta jambo zaidi ya rambirambi. Jambo hili la mwisho ninaliandika kwa uchungu, kwa kuwa waliokufa walikuwa na umri wa wanafunzi wangu.

Nadhani kikwazo kimoja ni lugha, ingawa Katiba imekwisha kukiondoa. Kifungu cha 120 kinasema kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na maseneta wanaozungumza Kiswahili ukumbini huandikwa kwa Kiswahili katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Ripoti za kamati, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza kizito cha kisheria. Mama yule anaweza kuomba kupitia Kifungu cha 119, kinachompa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, lakini majibu yakija yatakuja katika lugha ambayo lazima asomewe na kufasiriwa na mtu mwingine. Seneta anayerudi nyumbani na kurasa mbili za Kiswahili sanifu kuhusu kila kamati inayogusa watu wake angekuwa amejenga kitu ambacho kijana yule mwenye swali la ujenzi angeweza kukishika mkononi.

Wiki moja baada ya mkutano nilimtembelea mama nyumbani kwake kumsomea rasimu kabla ya kuituma katika ofisi ya Seneta. Alisikiliza akiwa amefumba jicho, kisha akanisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba alijeruhiwa "akiwa Nairobi". Aliniambia niandike "akiwa kazini". Mara ya pili nilikuwa nimeandika kwamba aliomba msaada. "Mwalimu," alisema, "mimi sikuomba msaada, niliuliza swali." Nikafuta, nikaandika upya, nikamsomea tena mpaka akaridhika.

Ofisi ya Seneta imethibitisha kwamba nakala imefika na imetupa mwezi wa kukutana tena. Nimekwisha kuandaa ajenda, na safari hii sikuacha mistari mitupu. Chini ya yatokanayo na kumbukumbu nimeandika vitu vitatu: majibu kwa maandishi kuhusu Kum 7/2025, hatua iliyofikiwa na mfuko wa mwaka 2015, na njia ya kupendekeza majina ya mashujaa wa kaunti yetu. Mgao wa fedha unafuata baada ya hapo. Mama ameniomba nimwekee kiti cha mbele, upande wa kulia wa ukumbi, ili jukwaa liwe upande wa jicho linaloona.